Seti za kamera ya rivasi: ipi ya kununua, na waya upitie wapi

Boksi la kamera ya rivasi hupambwa kwa maneno makubwa: nyuzi 170, HD, inaona usiku, haiingizi maji. Kitu kinachoamua kama utapata picha au skrini nyeusi huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni, na kwenye seti za ovyo hakiandikwi kabisa. Kitu hicho ni mfumo wa video. Kamera za CVBS, mfumo wa zamani wa analogi, hutoa picha ya mistari 480 kwa NTSC, au 576 kwa PAL, ambavyo ni viwango viwili vya picha za televisheni. Kamera za AHD, mfumo mpya wenye picha kali zaidi, hutoa pikseli 1280 kwa 720, au 1920 kwa 1080. Zote hutumia plagi ileile ya njano ya RCA, na hapo ndipo wanunuzi hunaswa: plagi inaingia vizuri, picha haiji. Kamera ya AHD ikichomekwa kwenye skrini inayojua CVBS peke yake, utaona weusi au michirizi, na hakuna fundi atakayeiponya kwa kubadilisha nyaya.

Kwa hiyo anza na skrini, kisha itafutie kamera inayoelewana nayo. Redio nyingi za Android zina mahali pa kuchagua aina ya kamera ndani ya mipangilio yake, na hapo idadi ya picha kwa sekunde, 25 au 30, nayo lazima ilingane. NTSC na PAL zikipishana, dalili ni picha isiyo na rangi, inayoviringika kutoka juu kwenda chini, au iliyokatwa upande mmoja. Skrini nzuri hujitambulia yenyewe.

Usilipie pikseli ambazo skrini haiwezi kuzionyesha. Skrini ya inchi 4.3 mara nyingi ina pikseli 480 kwa 272 tu, kwa hiyo kamera ya 1080 juu yake ni hasara tupu. Ya inchi 7 yenye 1024 kwa 600 inatoshana na kamera ya 720. Kinachofaa kulipiwa zaidi ni mwangaza wa skrini. Angalia kipimo cha kandela kwa mita ya mraba. Ikiwa chini ya 500, jua la mchana litaifuta picha hasa pale unaporudi nyuma jua likiwa mgongoni mwako.

Nini kinafaa gari gani

Kwa gari dogo lenye redio ya kawaida, chaguo la kwanza ni seti ya waya yenye skrini ya inchi 5 hadi 7 juu ya dashibodi. Haipendezi sana kwa macho, lakini inawaka papo hapo, inatengenezeka, na kifaa kimoja kikifa unabadilisha hicho kimoja.

Skrini iliyofichwa ndani ya kioo cha kati ina faida moja kubwa: jicho la dereva lilishazoea kwenda pale. Ubaya wake ni kwamba kioo chenyewe hurudisha mwanga, kwa hiyo picha hushindana na taswira ya dirisha la nyuma. Zile ndefu zinazovishwa juu ya kioo cha asili ni nzito, na kioo kikitikisika barabara mbovu, picha nayo hutikisika. Tunazipendekeza kwa gari lenye kioo kilichofungwa imara tu.

Redio ya Android ambayo tayari ipo ndani ya gari ndiyo njia ya gharama ndogo zaidi, kwa sababu unahitaji kamera na waya pekee. Lakini ipime kabla ya kuiamini. Washa gari ikiwa imelala usiku kucha, tia gia ya rivasi mara moja, uhesabu sekunde. Kanuni ya Marekani, ambayo tangu tarehe 1 Mei 2018 inalazimisha magari yote mapya madogo kuwa na kamera ya nyuma, inataka picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kutia rivasi. Redio inayochukua nusu dakika kuamka humwacha dereva akirudi nyuma bila kuona, na wengi hurudi bila kusubiri.

Seti zisizo na waya zinasifiwa kuliko zinavyostahili. Waya unaoondoka ni ule mrefu wa video tu. Kamera bado inahitaji umeme kutoka taa ya rivasi, kwa hiyo buti litafunguliwa vilevile. Zile za analogi za gigahezi 2.4 hugongana na Wi-Fi na Bluetooth, na picha hujaa chenga. Za dijitali ni safi zaidi, ingawa picha huchelewa kidogo. Mahali pake halali ni kwenye lori lenye trela, ambako kupitisha waya kwenye kiungo kinachopinda kila siku ni shida kweli. Gari la kawaida halina sababu ya kuikimbia waya.

Kuhusu lenzi: nyuzi 170 zinazotangazwa mara nyingi hupimwa kona kwa kona, si kushoto kwenda kulia. Nyuzi 120 hadi 130 za mlalo zinatosha. Lenzi pana kupita hapo huvimbisha katikati na kusukuma vitu mbali, hata nguzo iliyo mita 1 nyuma ya bampa ikaonekana kama iko mitaa ya pili. Vitaa vidogo vinavyozunguka lenzi visikupendeze. Tone la maji au vumbi likikaa juu ya kioo, mwanga wa vitaa hivyo hurudi ndani ya lenzi na picha huwa nyeupe. Kazi ya usiku hufanywa na taa za rivasi zenyewe, kwa hiyo hakikisha zote zinawaka na vioo vyake ni safi.

Alama ya IP67 ina maana kamera imevumilia kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kama gari huoshwa kwa mashine ya presha, tafuta IP69K. Hata hivyo maji yakiingia mara nyingi hupitia kiungo cha waya, si kwenye lenzi. Kiungo hicho kiwe ndani ya buti, kamwe kisining'inie nyuma ya bampa.

Kufunga

Kabla ya kugusa paneli hata moja, tandaza seti yote mezani na uiwashe kwa betri ya volti 12. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, RCA katikati. Dakika 5 hizi huokoa siku nzima, kwa sababu kamera mbovu iliyogunduliwa baada ya waya kupita kwenye dari ni maumivu matupu. Kwa lori la volti 24, soma kama kamera na skrini zote mbili zimeandikwa 12–24. Skrini huandikwa hivyo mara nyingi huku kamera ikiwa ya 12 pekee, nayo huungua mara ya kwanza tu.

Toa kichwa hasi cha betri. Funga kamera katikati ya gari, juu ya pleti ya namba, kimo cha sentimita 60 hadi 100 kutoka chini. Aina inayoshika skurubu za pleti haihitaji kutoboa. Aina ya kutoboa inataka tundu lenye kipimo kamili kilichoandikwa kwenye boksi. Toboa kwa msumeno wa kikombe unaofungwa kwenye drili, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo wa bati, kisha vika mpira wa kulinda waya. Tundu lisilopakwa rangi hula mlango wa buti taratibu.

Sehemu inayokula muda ni ule mpira wenye mikunjo unaounganisha bodi na mlango wa buti. Toa ncha zake zote mbili, paka maji ya sabuni ndani, pitisha waya mgumu kwanza, funga plagi ya RCA kwake kwa tepu iliyoviringishwa ikawa nyembamba mbele, kisha vuta polepole. Fungua mlango hadi mwisho na uache waya ukiwa na ulegevu. Waya uliokazwa hukatika ndani ya ganda lake, na dalili yake haifichiki: picha ipo buti likiwa wazi, haipo likifungwa, au kinyume chake.

Kutoka hapo pitisha waya chini ya paneli za vizingiti vya milango hadi kwenye dashibodi. Mita 6 zinatosha saluni, mita 10 kwa basi dogo. Lori hutumia waya wenye plagi ya chuma ya pini 4, inayobeba umeme na video pamoja. Ukilazimika kupita kwenye nguzo za pembeni au dari, jua kwamba magari mengi yana mfuko wa hewa (airbag) pale. Waya upite nyuma ya mfuko, ufungwe na nyaya za asili, wala usikatize mbele yake. Plagi za njano za mifuko ya hewa zisifunguliwe. Pia upande wenye waya mnene wa amplifaya uukwepe. Mistari kwenye picha hutoka huko mara nyingi.

Umeme wa kamera hutoka kwenye taa ya rivasi. Vuta hendibreki, weka kabari kwenye magurudumu, rudisha betri, funguo iwe ON injini ikiwa imezimwa, tia rivasi, kisha tafuta waya wa volti 12 kwa multimita. Jaribu taa zote mbili, kwani baadhi ya magari yana taa moja tu ya rivasi na upande wa pili ni taa ya ukungu. Mzigo wa kamera ni mdogo: kwa kawaida chini ya ampea 0.2, wakati balbu ya wati 21 peke yake huvuta karibu ampea 1.75, kwa hiyo fyuzi ya asili haitaungua kwa sababu yake. Kiungo kilehemiwe kwa risasi na kuvikwa mrija unaosinyaa kwa joto. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila kuumenya huota kutu, na hitilafu hujitokeza msimu wa mvua.

Sasa ule waya mwembamba mwekundu unaochomoza kila ncha ya waya wa RCA. Watu wengi huukata wakidhani ni ziada, na hilo ndilo chimbuko la lalamiko linalosikika kuliko yote: kamera ina umeme lakini skrini haijiwashi ikitiwa rivasi. Nyuma, uungwe pamoja na nyekundu ya kamera. Mbele, uende kwenye waya wa skrini au redio ulioandikwa BACK, REVERSE au CAMERA. Ndio unaoiambia skrini kwamba gia imeingia. Umeme wa skrini yenyewe utoke kwenye fyuzi inayokufa funguo ikizimwa, kupitia fyuzi yake ya ampea 2 au 3. Ukiuunganisha moja kwa moja na betri, asubuhi moja gari halitawaka.

Picha inayopepesa

Hapa ndipo mafundi wazuri hutofautiana na wengine. Magari mengi ya kisasa hayapeleki volti 12 tulivu kwenye balbu. Kompyuta ya gari huzikatakata haraka sana ili kudhibiti mwangaza na kukagua kama balbu ni nzima. Balbu haijali. Kamera huzima na kuwaka mara nyingi kwa sekunde, na multimita huonyesha volti pungufu au zinazochezacheza. Kubadilisha kamera hakusaidii. Tiba rahisi ni kuilisha kamera kutoka fyuzi ya funguo, kisha kutumia taa ya rivasi kuamsha skrini tu. Kamera itawaka safari nzima, jambo ambalo huipasha joto, lakini picha hutulia. Ukitaka iwake kwenye rivasi tu, tumia relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, yenye kichujio: dayodi mbele na kapasita ya mikrofaradi 1000, volti 25, kabla ya koili. Bila kichujio, relei yenyewe itatetemeka.

Mistari inayotembea kwenye picha injini ikiwaka ni shida nyingine. Chanzo mara nyingi ni hasi mbaya, yaani waya mweusi haushiki bati la gari vizuri: skurubu imefungwa juu ya rangi. Kwangua hadi bati ling'ae, kaza, kisha paka grisi.

Kugeuza picha na kupanga mistari ya kuegesha hufanyika mwisho. Ndoo iliyowekwa kulia kwa gari lazima ionekane kulia kwa skrini. Ikiwa kinyume, tafuta kwanza kwenye mipangilio ya skrini. Kamera nyingi zina vitanzi viwili vya waya, kimoja cha kugeuza na kimoja cha kufuta mistari, ila rangi zake hubadilika kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kukata. Mistari ya kiwandani haijui bampa yako iko wapi. Chora chaki chini kwa mita 0.5, 1 na 2 kutoka kwenye bampa, kisha inamisha kamera hadi ukingo mwembamba wa bampa uonekane chini ya picha.

Kipimo cha mwisho ni cha eneo. Kanuni ileile ya Marekani hutumia mitungi 7 yenye kimo cha mita 0.8, karibu na kimo cha mtoto anayeanza kutembea, ndani ya eneo la mita 3 kwa mita 6 nyuma ya gari. Kiti kidogo kinatosha kuiga hilo. Kisogeze kwenye kila kona ya eneo hilo huku mwenzako akitazama skrini, na kikipotea popote, badili kimo au mwinamo wa kamera. Rudia injini ikiwa inawaka, rudia usiku, bamiza mlango wa buti mara kumi. Picha isipotikisika, ndipo paneli zirudishwe.