Miche ya mipapai niliyoambiwa "yote majike" – nyota 3 kati ya 5

Nianze na mazuri yao nisionekane nina roho mbaya. Kitalu kiko pembeni ya barabara njia ya Bagamoyo, miche wanaitunza kweli, iko chini ya kivuli cha makuti, udongo wa kwenye viriba umechanganywa na samadi, na kaka anayeuza ana lugha nzuri hachoki maswali. Nilichukua miche 12 ya mipapai, 1,500 kila mmoja, na bodaboda akanitafutia mwenyewe.

Shida ni mdomo wake. "Dada hii yote majike, utakula mapapai mpaka uyachoke", afu akapasua kiriba kimoja anionyeshe mzizi, eti ukigawanyika jike, ukinyooka kama karoti dume. Nikaamini jamani, mtu kakupasulia mpaka kiriba utabisha nini. Kumbe mche wa mpapai huwezi kuujua jinsia kwa macho, si mzizi si jani, unasubiri maua tu, na yangu ilianza kutoa mwezi wa 5 tangu niipande.

Mmoja ulikufa mapema, hilo kosa langu, nilizidisha maji na mizizi ya mpapai maji yakituama inaoza fasta. Ikabaki 11. Asubuhi moja nakuta mti umening'iniza vikonyo virefu kama hereni, vimejaa viua vyembamba vyeupe, nikafurahi nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia. Mama akajibu neno moja: dume.

Ndo nikajifunza. Ua la jike limebana kwenye shina, nene chini, ukilipasua unakuta kipapai kichanga kimeshajitengeneza humo ndani. La dume ni kamrija tu na vumbi la njano, ndo chavua hiyo.

Hesabu ya mwisho madume 6 majike 5, na hapo ndo nikamjua. Mbegu za papai la mti jike uliochavushwa na dume zinatoka karibu nusu kwa nusu, maana yake jamaa alikula papai lake akaanika mbegu, basi. Angechukua mbegu za yale mapapai marefu, ya mti ambao ua moja lina jinsi zote mbili na umejichavusha wenyewe, dume asingetoka, kama theluthi 2 zingekuwa za jinsi mbili na zilizobaki majike.

Jirani ananiambia nigongee dume msumari ligeuke jike. Sijagonga. Nimekata 5 nimeacha 1 maana majike bila chavua yanaangusha maua tu, na wale nondo wakubwa (wadudu kama vipepeo) wanaoruka jua likizama wanaisambaza wenyewe bila kuwalipa.

Ukienda nunua, miche yenyewe ina afya, ila panda 3 kila shimo, ikitoa maua ng'oa usiyoitaka. Na kiriba kichane taratibu, mpapai hautaki mzizi uguswe (ndo maana ule aliopasua kunionyesha sikuuchukua).

Juzi nikarudi kulalamika. Kaka wa watu akacheka, akaomba radhi, akanipa miche 3 bure. Nikamuuliza hii ni jinsia gani, akachukua kisu akaanza kupasua kiriba.