TAHADHARI: Gari "haijawahi kuchemsha" linalonunuliwa Dar na kufia mlima wa Kitonga

Wakuu, mnaotafuta gari la mkononi Dar, hasa yale ya familia ya siti saba, someni hili kabla hamjatuma hata hela ya kushikilia gari. Mimi ni fundi, gereji yangu iko Ipogolo, Iringa. Magari ambayo watu wa huku juu wananunua Dar tunayapokea yakiwa yamevutwa kwa kamba, na sasa nimeona kazi ya mkono uleule zaidi ya mara moja.

Jina la muuzaji siliweki. Kila tangazo lake lina jina jipya na laini mpya, ukikariri jina atakupita mlangoni. Kariri mtindo wake. Tangazo linasema: injini haijaguswa, haijawahi kuchemsha, kadi original mkononi, bei inapungua kidogo mezani. (Mwenye gari zima ana sababu gani ya kuandika kwamba halijawahi kuchemsha?) Ukifika unakuta gari linaunguruma tayari, "nilikuwa nalipasha moto bosi". AC haipulizi ubaridi, utaambiwa gesi imeisha, ni ya kujaza tu. Pembeni kuna fundi "aliyepita tu" ambaye atakukagulia kwa hela ya soda. Mtalizungusha Mwenge, Ubungo, mnarudi, na kabla hujakaa sawa simu inaita: kuna mteja yuko njiani kutoka Morogoro na cash.

La mwisho kuja kwangu ni la mwalimu mmoja wa Mafinga. Lilitembea vizuri mpaka Mikumi, likapita Ruaha Mbuyuni. Kitonga, nyuma ya malori ya Tunduma, likaanza kukosa nguvu, injini ikaanza kugonga, likazima. Nikamuuliza mshale wa temperecha ulikuwa wapi. Akasema katikati, muda wote. Hakuna taa nyekundu iliyowaka.

Lililala nje ya gereji. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, nikafungua swichi bila kupiga stata. Mshale ukapanda wenyewe mpaka katikati na kutulia hapo. Nikachomeka mashine ya kupimia: joto la maji ya injini, digrii 86. Joto la hewa inayoingia kwenye injini, digrii 14. Chuma kilicholala nje usiku kucha Iringa kinapataje digrii 86?

Tukaufuata waya wa sensa. Chini ya utepe mweusi tukakuta rizista (kidude kidogo cha kuzuia umeme) imechomelewa kwa risasi, na sensa yenyewe haijaunganishwa na kitu. Sensa ya joto inafanya kazi kwa ukinzani: injini ikiwa baridi ni kama omu 2,000 hadi 3,000, ikishapata moto hushuka hadi omu mia mbili na kitu. Ukiweka rizista moja isiyobadilika, kompyuta ya gari itaamini maisha yake yote kwamba injini iko salama. Mshale utaganda katikati hata maji yakiwa yamekauka.

Uongo huo ukadai mwingine. Feni ya rejeta huamriwa na kompyuta, kwa kawaida joto likikaribia digrii 95. Kompyuta iliyodanganywa kwamba ni 86 haiwezi kuiwasha, kwa hiyo feni ikafungwa dairekti kwenye swichi, inazunguka mradi ufunguo umefunguliwa. Thamostati nayo ilikuwa imeng'olewa, nyumba yake tupu. Hapa mafundi wenzangu tuna la kujibu, kwa sababu wengi bado wanaamini kwamba nchi yetu ni ya joto na thamostati haina kazi. Ina kazi. Inafunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka yafike kama digrii 82 hivi, ndipo inafungua, na hivyo injini inapata moto haraka na kubaki kwenye joto lake. Ukiing'oa, injini hukaa ya baridi, mafuta huliwa, ulaji wa chuma huongezeka. Lakini kwa mtu anayetaka kuficha ugonjwa, kuing'oa ni dawa nzuri sana, kwa sababu kwenye barabara tambarare gari litachelewa kuchemsha.

Halafu rejeta. Tulipomwaga maji yalitoka na uji wa kahawia wenye chengachenga. Hiyo ni poda ya kuziba. Huziba tundu dogo la rejeta, sawa, lakini haichagui. Huganda pia ndani ya mirija myembamba ambamo maji yanatakiwa kupita, na kwenye hita ya ndani. Ziko na dawa za kuziba za majimaji ambazo huganda kama kioo zikipata moto, hizo humiminwa kuziba gasketi iliyoungua ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini). Zinaweza kushika wiki kadhaa. Muuzaji anahitaji siku moja tu.

Mtaniuliza kwa nini Dar halikuchemsha. Kwa sababu Dar injini haibebi mzigo wowote wa maana: foleni, tambarare, abiria wawili, AC imezimwa kwa kisingizio cha gesi. Kitonga ni kinyume cha kila kitu. Injini inatoa nguvu zote huku gari likitambaa nyuma ya lori, kwa hiyo hakuna upepo unaopita kwenye rejeta isipokuwa wa feni, na nusu ya rejeta imeziba. Isitoshe unapanda juu. Maji matupu pwani huchemka kwa digrii 100, lakini kwenye mwinuko wa Iringa mjini ni kama 95. Kifuniko cha rejeta kizima hushikilia presha na kusogeza kiwango hicho juu mpaka kama 120. Cha gari hili mpira wake ulikuwa umekatika, na ndani hapakuwa na kulanti (maji maalumu ya rejeta), ni maji ya bomba.

Hedi tuliishusha. Rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) zikaonyesha imepinda mbali na kipimo. Kwa injini nyingi za petroli hedi hairuhusiwi kupinda zaidi ya kiwango cha kati ya milimita 0.05 na 0.10. Na kwa kuwa injini ilishagonga, hatukuishia kwenye hedi. Mwalimu alipompigia muuzaji, alielekezwa kwa fundi mwingine Dar mwenye "nusu injini safi kutoka Japani". Yaani anavunwa mara mbili.

Sasa, namna ya kumkamata kabla hujalipa. Panga kwenda asubuhi na mapema na umwambie wazi asiliwashe. Ukifika shika mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Ukiwa na joto, ondoka au subiri upoe, usikubali hadithi. Ukiwa baridi, fungua swichi bila kupiga stata na uangalie dashibodi: mshale lazima ulale chini. Magari mengi mapya kidogo hayana mshale, yana taa ya buluu ya injini baridi. Hiyo inatakiwa iwake. Isipowaka asubuhi, huenda kuna mtu ameigusa. Sikiliza na feni. Ikizunguka hapohapo wakati AC imezimwa na injini ni baridi, imefungwa dairekti au waya wa sensa una hitilafu, maana baadhi ya magari huwasha feni yenyewe yakikosa taarifa ya sensa. Vyovyote vile lina maswali.

Kidude cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) cha kuunganisha na simu kinapatikana kirahisi Kariakoo, na ukilinganisha na bei ya hedi ni hela ya chai. Kabla ya kuwasha, joto la maji na joto la hewa inayoingia yanatakiwa yakaribiane. Liwashe, uone namba ikipanda taratibu. Ikiganda sehemu moja, umeshajua. Ikipanda vizuri lakini ukiingia barabara kuu inashuka hadi 60 au 70, thamostati haipo au imebaki wazi. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayaongei na kidude hicho; hapo tegemea mkono wako kwenye mpira wa juu. Thamostati ikiwepo, mpira hukaa baridi kwa dakika kadhaa halafu hupata moto ghafla.

Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa BARIDI tu, nimeshaona nyuso zilizoungua. Ingiza kidole: ukitoka na tope la kahawia, hapana. Liwashe kifuniko kikiwa wazi. Mapovu machache mwanzoni ni hewa, lakini yakiendelea kutoka bila kukoma ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji. Kwa uhakika, fundi mwenye vifaa ana kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na hewa ya ekzosi ndani ya rejeta. Mwombe apime nacho, na apime presha ya mfumo wa maji pia. Fundi huyo uwe umemtafuta mwenyewe.

Ukiridhika bado usilipe. Jaza watu, washa AC, panda nalo Pugu kuelekea Kisarawe, kisha liache linaunguruma robo saa. Muuzaji akikataa mlima, unajua anachokijua.

Kwa aliyeshanunua: using'oe kitu wala usilipeleke kwa fundi wa muuzaji. Piga picha ya rizista ikiwa bado kwenye waya, fundi wako aandike alichokikuta, tunza tangazo na meseji zote pamoja na muamala, nenda polisi. Kuficha kasoro kwa makusudi ni udanganyifu chini ya Sheria ya Mikataba, Sura 345, hata kama kwenye karatasi mliandikiana "limenunuliwa kama lilivyo". Mwalimu ameshafungua jalada, na mimi nimeandika maelezo.

Wiki hii nimeona tangazo jipya, maneno ni yaleyale isipokuwa jina. Kuna picha ya dashibodi: taa ya betri na ya oili zinawaka, maana yake injini imezimwa, na mshale umekaa katikati. Inawezekana lilikuwa limetoka kuzimwa dakika ile. Anayekwenda kuliangalia aende alfajiri.