Ushirika wa Moshi au mkopo wa Bungoma?

KNCU ya Moshi, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro kilichoanzishwa 1933, ni mali ya wakulima wenyewe: kahawa hukusanywa kwenye vyama vya msingi, chama kikuu kinatafuta soko. One Acre Fund, iliyoanza Bungoma, Kenya, 2006, ni shirika la kijamii linalotegemea pia wafadhili. Linamkopesha mkulima mbegu na mbolea, linamfundisha nafasi za kupandia, naye analipa kidogo kidogo.

Kwa kasi, Bungoma inashinda. Pembejeo hufika karibu na nyumbani, na mwenye kishamba cha mahindi haachwi nje. Ila huyo ni mteja. Masharti hupangwa na wengine.

Moshi, mwanachama ana kura, na kahawa imesomesha watoto wengi wa Uchagani. Lakini kura hailindi kila kitu: mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania Bara, vikarudi miaka ya 1980. Malipo yakichelewa, mkulima humuuzia mlanguzi (hapo simlaumu).

Mwenye mahindi ya kula ningempeleka kwanza kwenye mkopo. Mwenye zao la kuuza nje anahitaji ushirika, mradi wanachama wahudhurie mkutano wa hesabu.