Sapoti ya kifundo cha mkono kwa fundi wa shanga: uzoefu wangu nikisubiri upasuaji

Natengeneza hereni, bangili na mikufu ya shanga na waya wa shaba hapa Arusha, na mkono wangu wa kulia unasubiri upasuaji. Ganzi ilianzia kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kidole cha mwisho kiko salama hadi leo. Daktari alisema hapo ndipo alipopata fununu kwamba mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo umebanwa, kwa sababu kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine. Kipimo cha umeme kikathibitisha. Akaniandikia sapoti yenye bamba la aluminiamu, ya kuvaa usiku.

Na kweli usiku inafanya kazi. Mtu akilala hukunja kifundo bila kujua, njia ya mshipa inazidi kuwa finyu, ndiyo maana wengi wetu huamka usiku wa manane tukikung'uta mkono. Sapoti inauzuia usikunjike. Ila yangu ilikuja na bamba lililopindia mgongo wa mkono. Mtaalamu wa fiziotherapia alilichomoa, akalinyoosha, akalirudisha, maana mkono ukiwa umenyooka ndipo mbano wa mshipa unapokuwa mdogo kabisa. Kabla ya hapo niliamka na ganzi ileile. Baada ya hapo nikaanza kulala hadi alfajiri. Kama umeinunua na huoni nafuu, mwombe mtaalamu aliangalie bamba.

Mezani haifai. Bamba linagonga kiganja, koleo halishikiki vizuri, na kifundo kikizuiwa, bega ndilo linalobeba kazi yote. Mchana nimeokolewa na koleo lenye springi, linalojifungua lenyewe, ambalo mipini yake nimeizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli iwe minene nisilazimike kuikamua. Pia nimefunga jiliwa dogo ukingoni mwa meza linishikie waya.

Shanga ndogo ndizo zinazonitesa. Kazi yetu tunaiona kwa ncha za vidole, na sasa naweza kuishika shanga nisijue kama bado ipo mpaka niitazame. Hisia hiyo sapoti haijairudisha, na daktari alishanieleza nisilitarajie hilo: inapunguza mbano tu, wakati upasuaji unakata utepe mgumu uliofunika njia ya mshipa ili upate nafasi. Oda za shanga ndogo nawapa wenzangu kwa sasa. Inaniuma sana, kwa kuwa ndiyo kazi niliyofundishwa na mama mkubwa.

Kasoro nyingine: inatia joto, na mikanda yake ya velkro inanasa chandarua kila ukigeuka kitandani. Mimi huivalisha soksi iliyokatwa ncha. Kuifua, toa bamba kwanza, tumia sabuni ya kawaida, anika kivulini.

Ukienda kununua, pima mzingo wa kifundo na useme ni mkono upi, kwa sababu kama hii yangu ya kulia haigeuziki kuwa ya kushoto. Usiikaze hadi vidole vivimbe. Nililipa shilingi 35,000 duka la vifaa tiba, na kwa usingizi niliopata ningelipa tena.