Wembe wa kukunja kwa anayeanza: ununue upi kwanza

Wembe wa kukunja huuzwa kwa sura: mpini wa pembe, chuma kinachong'aa, kisanduku cha mbao. Ngozi ya shavu haina habari na hayo, inachojua ni makali tu, na hapo ndipo wanunuzi wapya wanapopigwa. Nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa na makali ya kukata karatasi, wala hazijafika kiwango cha kunyoa ndevu. Lazima zipite kwanza kwenye kinoo cha mtu anayeijua kazi. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa swali moja: siku ya kwanza ukishapaka povu, wembe utanyoa au utang'oa?

Vipimo kwanza. Upana wa bapa hutajwa kwa sehemu za nane za inchi. Anayeanza achukue 5/8, yaani karibu milimita 16, au 6/8 akiwa na mkono mzito. Wenye 4/8 hupita vizuri chini ya pua ila hujaa povu upesi, na 7/8 hukuziba usione unapokata. Ncha iwe ya duara. Ile ya mraba inapendeza kwa kuchonga pembe za ndevu, lakini itakutoboa sikio kabla hujaizoea.

1. Mpya, 5/8, ulionolewa na fundi kabla ya kutumwa. Watengenezaji Dovo wa Solingen, Ujerumani, wapo tangu 1906. Mji huohuo una Böker na Ralf Aust, na Ufaransa kuna Thiers-Issard. Wembe wa kawaida kabisa wa mmoja wa hawa unatosha. Ukiongeza fedha, mara nyingi unalipia mpini na nakshi. Jambo la kuchagua kwa makini ni muuzaji. Muulize amemalizia kunoa kwenye kinoo cha namba ngapi (namba ikiwa kubwa, kinoo ni laini zaidi). Akikutajia 8000 au zaidi, kisha mkanda wa ngozi wa kunyooshea makali, endelea naye. Akisema "unakuja mkali kutoka kiwandani", tafuta mwingine. Ukiupokea, upitishe juu ya vinyweleo vya mkono bila kugusa ngozi: ukikata vinyweleo hewani, upo tayari. Usiujaribu kwa kidole gumba, utaharibu vyote viwili.

Kuhusu chuma, cha kaboni hunoleka kwa urahisi lakini hupata kutu ukikiacha na unyevu hata usiku mmoja. Kama bafu lako halikauki, chukua kisichoshika kutu na uache ubishi wa wapenzi wa nyembe.

2. Wa zamani uliofufuliwa. Nyembe za Solingen na za Sheffield, Uingereza, zilizotengenezwa vizazi vilivyopita bado zinanyoa kama mpya, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Ningeuweka wa kwanza kama si macho ya kuchagua yanayohitajika. Weka wembe juu ya meza tambarare na utazame mstari wa makali: ukiwa umeingia ndani katikati kama upinde, uache. Mashimo ya kutu mgongoni hayana neno, ila yakigusa makali chuma kitamomonyoka kila kinaponolewa. Tazama kama kuna ufa mwembamba. Mpini wa seluloidi (plastiki ya zamani) iliyoanza kuoza nao ni hatari, kwa kuwa mvuke wake hula bapa likiwa limefungwa ndani.

3. Wa kubadilisha kiwembe. Huu ndio wengi wameuona mikononi mwa vinyozi: unavunja kiwembe cha makali mawili katikati, unachomeka nusu, ukimaliza unatupa. Hauhitaji mkanda wala kinoo, na kama utanyoa watu zaidi ya mmoja hauna mpinzani, maana kila mtu anapata kiwembe chake kipya. Kwa nini basi uko wa tatu? Kwa sababu ni mwepesi na hausamehi. Bapa halisi lina uzito unaokuongoza na makali yanayovumilia kosa dogo. Nusu ya kiwembe hukata kosa lilelile mpaka damu itoke. Feather Artist Club ya Japani hutumia viwembe vyake maalumu, vinene zaidi na visivyoyumba, lakini ni vikali mno kwa mkono mgeni.

4. Gold Dollar. Wembe wa China wa bei ya chini sana, na chuma chake si kibaya hata kidogo. Tatizo ni umbo: karibu na shina, pale bapa linapoelekea mpini, kuna bega linalogonga kinoo, hivyo usipolisaga makali hayalali sawasawa. Ununue ukitaka kujifunza kunoa. Kunyoa nao jinsi ulivyotoka kwenye boksi ni mateso.

5. Wa mapambo. Chuma chenye mawimbi, mpini wa rangi tatu, jina la mtengenezaji halionekani popote. Hapana.

Bajeti iachie nafasi ya mkanda wa ngozi, kwa maana bila mkanda nyembe za namba 1 na 2 hazina maisha. Anza na mkanda wa bei rahisi, kwa sababu utaukata. Uvute ukaze, utangulize mgongo wa wembe, makali yafuate nyuma, na kila unapogeuza uzungukie mgongo. Mipito 50 kwenye mkanda kabla ya kila kunyoa yatosha. Ukiulegeza unayaviringisha makali, nawe utamlaumu muuzaji bure.

Juma la kwanza nyoa mashavu tu, bapa likiwa kwenye pembe ya nyuzi 30 hivi, ngozi imevutwa, ukifuata ndevu zinakoelekea. Kidevu na koo vimalizie kwa wembe uliokuwa ukiutumia awali. Mwenye ndevu za kipilipili zinazomwachia vipele asinyoe kamwe kinyume na ndevu zinakoelekea. Akubali kubakiwa na visiki kidogo vya ndevu.

Kinoo usinunue sasa. Wembe ukianza kuvuta hata baada ya mkanda, mrudishie fundi. Ukishazoea, kinoo kimoja cha namba 12,000 kitauamsha tena mara nyingi, mradi hujauangusha.