TAHADHARI: Muuza vidhibiti vya feni anayeficha rezista ndani ya sensa ya joto

Wakuu, kuna jamaa anazunguka kwenye makundi ya mafundi akijiita mhandisi. Anauza vidhibiti vya feni vya oda, yaani vifaa vya kupandisha na kushusha kasi ya feni kulingana na joto: vya makabati ya mitambo ya simu, raki za seva, trei za feni, chochote utakachomwagiza. Msimpe hela. Ni tapeli, tena si wale wa kupokea pesa wakazima simu. Huyu mzigo anauleta, na unapendeza kuutazama. Ukishaufunga, unakudanganya mchana na usiku kwamba kabati lina ubaridi, huku vyombo vinaungua humo ndani.

Kabati letu la nyuma la mitambo ya simu lina feni zilizokuwa zikinguruma mpaka watu hawasikilizani. Hata Mzee, mkuu wetu, alilisemea kwenye kikao. Ndiyo maana nikawa natafuta mtu wa kututengenezea.

Najua wapo watakaosema, fundi mzima unapigwaje? Subirini niwaeleze alivyoingia.

Swali lake la kwanza halikuhusu hela. Aliuliza, “Feni zako za waya mbili, tatu au nne?” Nikamjibu nne. Akauliza kabati linatumia umeme gani, nikasema volti 48. Akanirekebisha palepale: “Hasi 48, kaka. Kwenye simu chanya ndiyo inakwenda ardhini. Nikikuletea bodi iliyofungwa kama ya kompyuta, utaichoma siku ya kwanza.” Mtu asiyeshika mitambo ya simu kwa mikono yake hilo halimjii kichwani. Nikamtega kidogo, nikamuuliza ishara ya PWM, yale mapigo ya umeme yanayoiambia feni iende kasi gani, ataitoa kwa masafa gani. Hakusita. Akasema kwa feni za kompyuta za 12 V za waya nne maelekezo ya Intel ni kHz 25, na zinavumilia kuanzia 21 hadi 28, ila hizi zangu za 48 V nimtumie karatasi ya mtengenezaji aisome mwenyewe. Nikaituma. Akarudi na hoja kwamba feni zikishushwa mno zinaweza kugoma kuanza, hivyo ataweka msukumo wa kasi yote kila umeme unaporudi, kisha azishushe. Akasema tena kuwa feni ikienda nusu mwendo inatoa nusu ya hewa lakini umeme inaokula unashuka hadi kama moja ya nane, kwa hiyo hata betri zitapumua umeme wa nje ukikatika.

Yote hayo ni kweli. Mkayahakikishe popote. Hakuna neno alilosema kuhusu feni lililokuwa la uongo, na hasira yangu inaanzia hapo hapo. Huyu kazi anaijua. Anajua kitu sahihi kinavyotengenezwa, kisha akakaa akatengeneza kinyume chake kwa makusudi.

Halafu ikaja simu ya video. Sijui niielezeje bila damu kunichemka. Boksi lilikuwa juu ya meza, bamba la mbele limechongwa maandishi safi, skrini ndogo inang'aa, pembeni feni mbili zinazunguka polepole. Sensa ilikuwa kwenye waya mrefu, kichwa chake kimevishwa mpira mweusi wa kusinyaa. Skrini ilisoma nyuzi 26 na ushei. Akaibana sensa kwa vidole viwili, akanyamaza. Namba zikaanza kupanda, 27, 28, 30, na feni zikabadilisha sauti. Nilizisikia kwa masikio yangu. Akasogeza chuma cha kulehemu karibu na kichwa cha sensa bila kukigusa. Ilipopita 45 taa nyekundu ikawaka na king'ora kikalia. Nikamwambia, haya, sasa chomoa sensa kabisa. Nilitaka kumwona akibabaika. Akacheka, akasema, “Hilo swali nilikuwa nalisubiri,” akachomoa. Feni zikaruka kasi yote, skrini ikaandika vistari vitupu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: sensa ikikatika, kidhibiti kisidhani ni baridi, kipeleke hewa yote mpaka mtu afike. Nikamgeuzia simu mwenzangu wa zamu, nikamwambia tazama, huyu ndiye. Mwenzangu akatikisa kichwa kukubali. Jioni ileile nikamtetea mbele ya Mzee. Na alipotaka alipwe yote kabla, kwa maelezo kwamba vipuri vya volti yetu haviuziki kwa mteja mwingine, nikaona ana haki. Nikasema mwenyewe, “Nitumie namba ya kulipia.” Sentensi hiyo inanikosesha usingizi hadi leo.

Mzigo ukafika, umefungwa vizuri, na mchoro wa kuunganisha ndani. Tukafunga. Skrini ikaandika 25.0, feni zikatulia, kimya kikaingia ambacho hakijawahi kuwapo mle ndani. Watu wakanipongeza! Baada ya muda ikasoma 25.1, baadaye 24.9, ikarudi 25.0. Kule kuchezacheza kwa namba ndiko kulikotulaza. Ingeganda, mtu angeshtuka. Kumbe ni makosa madogo tu ya chipu inapopima, yanacheza hata pasipo na joto lolote la kupima.

Ikafika siku rektifaya, mtambo unaogeuza umeme wa nje kuwa wa kulisha vyombo na betri, ikajizima yenyewe kwa joto na mzigo wote ukaangukia betri. Nafungua kabati, mlango wa chuma haushikiki. Skrini imeandika 25.0. Kengele haijalia popote. Nikaishika sensa mkononi nikaibana kama yeye alivyofanya: 25.0. Nikaichovya kwenye maji ya moto: 25.1. Nikachukua wembe, nikauchana ule mpira mweusi.

Ndani mna rezista. Rezista ya kawaida kabisa ya kaboni, kipuri chenye ukinzani usiobadilika, mistari yake ya rangi ni kahawia, nyeusi, chungwa, dhahabu. Maana yake kiloohomu 10. Wasiohusika na mambo haya niwaeleze: sensa nyingi za joto za aina hii huwa na kiloohomu 10 joto likiwa nyuzi 25, na ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda. Kwenye nyuzi 50 ingekuwa imeshuka hadi karibu 3.6. Ukiweka rezista isiyobadilika ya 10, kidhibiti kitasoma nyuzi 25 hadi siku ya kiama, hata kabati likishika moto. Hilo si kosa la kiwandani, wala sensa haikuchoka njiani. Kuna mtu aliyekaa kitako, akachagua rezista ya thamani ileile hasa, akaivisha mpira, akaupasha ukasinyaa vizuri ufanane na wa kwenye video.

Nikafungua boksi. Skrubu mbili za kufungia waya za kengele zipo, zimeandikwa vizuri kwa nje, ila kwenye bodi hazikuunganishwa na kitu. Rele, swichi ya umeme ya kuiliza hiyo kengele, haipo. Pana alama za mahali pa kuiweka, basi. Kapasita (kipuri cha kuhifadhi chaji) ya kwenye umeme unaoingia inavumilia mwisho 50 V, na wote mnajua mfumo wa 48 unakaa wapi betri zikiwa zimejaa: 54 au karibu na hapo. Kapasita ya 50 kwenye laini ya 54! Siku yoyote ingepasuka.

Nilipompigia alisema chumba chetu ndicho kibaya. Nikamtumia picha ya rezista, akasema tumebadilisha wenyewe. Nikamwambia narudisha mzigo, anirudishie hela. Kabadilisha lugha, akanitukana, akanibloku. Kuna mwenzetu mwingine alikiona kisa hiki nilipokigusia, akaenda kuichana sensa yake. Rangi zilezile.

Mtu huyu anastahili kifungo, na simaanishi kwa sababu ya hela zangu. Mitambo kama hii ndiyo inayobeba simu ya mtu anayeita gari la wagonjwa. Joto likipanda kwa nyuzi kumi juu ya kiwango cha kawaida, betri za risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake, kapasita za ndani ya vyombo hali kadhalika. Hasara aliyotuachia haionekani leo, itakuja kutuibukia kidogokidogo. Na wale wanaomtambulisha kwenye makundi, wanaosema “huyu namwamini,” nao waulizwe wanapata nini. Atolewe kila mahali. Akirudi kwa jina jingine, atolewe tena. Msinijie na maneno ya “labda ni riziki yake.” Riziki ya kuziba mdomo kengele ya watu? Hapana. Apelekwe polisi, bodi iwekwe mezani, aeleze ile rezista ilifikaje pale.

Mnaniuliza dalili. Zilikuwapo. Video yote sensa ilikuwa mkononi mwake, na kitu alichotuonyesha sicho alichotutumia. Hakutaka kutuma bodi ya majaribio hata kwa malipo ya pembeni. Chipu imekwanguliwa maandishi. Picha zake zote ni za nje, hakuna ya boksi lililofunguliwa. Nilipoomba majina ya wateja wake akasema ni siri za kampuni, na mimi nikaona ni sawa kwa kuwa hata sisi tuna siri. Mengine nitayaongeza nikikumbuka. Ila nisikilizeni, mzigo wake ukifika kwako usiufunge kwanza. Chukua multimita, chomoa sensa, pima ukinzani, kisha ishike kwenye kiganja. Ohomu zisiposhuka hiyo siyo sensa. Na kengele ijaribuni kwa kuilazimisha ilie hadi taarifa ifike kwa mtu wa zamu, msiridhike na taa ya kwenye bamba.

Mwenye kidhibiti cha jamaa huyu kabatini sasa hivi, asisubiri: chomoa waya wa PWM. Feni nyingi za waya nne zikikosa ishara hiyo hukimbia kasi yote, ila hakikisha kwenye karatasi ya feni zako kwanza. Zitapiga kelele, ziacheni zipige. Sensa usiitupe wala usiiunganishe upya. Piga picha kabla na baada ya kuichana, tunza na risiti ya malipo, unitumie ujumbe. Tunaokusanya vielelezo tunataka tuende kushtaki pamoja, kila mmoja na boksi lake mkononi.