Karatasi ya mlo au maongezi ya sahani?

Wateja wangu wa mazoezi hapa Mbeya, hata jasho halijakauka, huuliza: "Mwalimu, sasa nile nini?" Majibu yapo mawili.

La kwanza ni kumpa karatasi ya mlo: acha ugali, acha viazi, kula parachichi. Watu huipenda, maana inafanana na cheti cha daktari. Ila mama anayemeza glibenclamide ya kisukari akiacha wanga ghafla, sukari yaweza kushuka hadi atetemeke, atokwe jasho, hata azimie. Na parachichi la Rungwe, pamoja na utamu wake wote, lina potasiamu nyingi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini. Mwenye figo hizo hapaswi kulila ovyo. Karatasi haimuulizi mtu chochote.

La pili ni kuongea ya jumla tu: mboga nusu sahani, maharage yasikosekane, soda ipungue. Mimi niko huku, kwa sababu nimesomea mazoezi, si lishe. Kwanza nauliza, "Dada, kuna dawa unatumia? Una ujauzito?" Akikubali, namwelekeza kwa afisa lishe hospitalini. Wengine hununa, wakidhani nawabania siri. Mmoja alishahamia kwa mwenye karatasi.